Picha za Waliosafirishwa

Simu ya Rispa ilianza kulalamika mwezi wa pili, na kama walalamikaji wote wa kweli, haikujua kuchoka. Asubuhi akiiwasha: hifadhi yako imejaa. Mchana akitaka kumpiga picha mbuzi wa jirani aliyemfumania ndani ya sukuma wiki: hifadhi yako imejaa. Aliyafuta maneno hayo kwa kidole gumba jinsi mtu anavyofukuza nzi kwenye chai, akaendelea na shughuli zake. Hakuna mtu aliyewahi kukosa pa kulala kwa sababu simu imejaa, alijiambia.

Akaunti yenyewe hakuifungua yeye. Ilifunguliwa na bintiye Lorine mwaka wa 2019, ule mwaka mchwa walipoingia kwenye sanduku la Umoja wa Magharibi. Umoja ni nyumba kumi na moja za Wasamia, Wajaluo na Wabukusu zilizosalia Kambi ya Nne, kwenye shamba la mkonge lililofungwa nje kidogo ya Voi, na Rispa amekuwa katibu wake tangu enzi mumewe Oundo akiendesha trekta la kubebea mkonge. Sanduku lilikuwa la mbao na lilikaa chini ya kitanda chake. Siku alipolivuta nje, chini pakabaki sakafuni na juu pakaja mkononi. Lorine alikuwa nyumbani likizo. Alikaa uani siku mbili akipiga picha kila karatasi na kila picha iliyonusurika, akazipandisha zote huko juu, kwenye hifadhi ya mtandaoni wanayoiita wingu ingawa haijawahi kudondosha hata tone. Mabaki yakachomwa pamoja na mchwa wake.

"Saa hii hata nyumba iungue, Mama, ziko salama," Lorine alimwambia.

Zilizopandishwa zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na karatasi za kampuni: barua za kuajiriwa, hati za mishahara, kadi za zahanati. Halafu kulikuwa na picha za kusindikiza, na hizi zinahitaji maelezo kidogo.

Watu wa magharibi hawazikani Voi. Mtu anaweza kuishi Kambi ya Nne miaka arobaini, azalie hapo watoto wote, ajifunze hata kuwatukana mbuzi kwa Kitaita, lakini akikata roho lazima apandishwe gari asafirishwe kilomita mia nane hadi bomani kwa baba yake. Kazi ya Umoja ni hiyo tu, haina nyingine. Na kabla gari halijawashwa, jeneza hutolewa nje na kuwekwa juu ya viti viwili mbele ya mlango wa marehemu, chini ya namba ya nyumba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Kando yake husimamishwa msalaba wa mbao wenye jina na miaka. Kambi nzima hujipanga nyuma, na mpiga picha aliyeitwa kutoka mjini hupiga picha moja. Moja tu, maana kuchapisha kulikuwa ghali, na hiyo moja ilikaa kwa katibu kuonyesha kwamba Umoja umetimiza wajibu. Katika sanduku zilikuwemo thelathini na saba, ya kwanza ikiwa ya mwaka wa 1984.

Ya ishirini na nane ilikuwa ya Austin, mwanawe Rispa, aliyekufa kwa malaria mwaka wa 2004 akiwa na miaka minane. Jeneza lake lilitosha kiti kimoja.

Rispa alikuwa ameomba azikwe pale pale, nyuma ya nyumba, penye kivuli cha mwarobaini, ili awe anamwona akianika nguo. Aliomba mara mbili. Oundo alimwambia mtoto wake hawezi kuachwa ugenini kama mkimbizi, na wazee wa Umoja wakakubaliana na Oundo, na gari likaja. Tangu siku hiyo Rispa ameliona kaburi la mtoto wake mara tatu.

Sasa, mwaka jana, muda wa kampuni kumiliki shamba ulikwisha, na ikatangazwa kwamba Kambi ya Nne itakatwa ploti wapewe wale walioishi pale kabla ya mwaka wa 2010. Watu walicheza. Rispa mwenyewe alicheza, na goti lake bovu. Kisha kamati ya ugawaji ikaja na masharti. Karatasi za kampuni hazikubaliki, walisema, kwa sababu zinaonyesha mtu alifanya kazi wapi, hazionyeshi alilala wapi, na tena za kughushi zilikuwa zimeanza kuuzwa mjini kama mandazi. Ushahidi uliokubalika ulikuwa mmoja: kaburi la jamaa ndani ya kambi, lenye jina na mwaka. Kaburi, alisema mwenyekiti wa kamati, halichapishwi kwa mashine.

Wakamba na Wataita wa kambini walipumua. Wanza, jirani wa ukuta kwa ukuta na Rispa, alikuwa na makaburi manne nyuma ya nyumba yake, na alianza siku hiyo hiyo kuyapaka chokaa.

Mwenyekiti wa Umoja ni Mzee Wesonga, mtu mrefu aliyewahi kuwa nyapara na bado anatembea kama anayehesabu matita ya mkonge. Aliinuka mbele ya ile kamati, kofia mkononi.

"Sisi hatuna makaburi hapa," akasema. "Si eti hatukufa. Tumekufa sana. Lakini kwetu mtu hupelekwa nyumbani. Sasa mnataka tuwafukue Busia tuwalete?"

Watu walicheka, hata wanakamati. Karani wao, msichana wa Kikamba aitwaye Koki, aliandika maneno yale kwenye kompyuta yake ndogo, akasema ombi litajadiliwa na jibu litatumwa kwa barua pepe ya katibu. Rispa alimtajia anwani yake herufi kwa herufi, akijisikia mtu mkubwa.

Februari ikapita. Machi ikafika katikati. Jibu halikuja, na simu ikawa inalalamika tu kwamba imejaa. Rispa hakuyaunganisha mambo hayo mawili, na nani angemlaumu? Aliona bora aende ofisini mwenyewe.

Koki alimpa kiti, akafungua mashine yake, akakunja uso.

"Mama, jibu lilitumwa mara tatu. Linarudi. Hapa inasema boksi yako imejaa."

"Boksi gani? Mimi ni picha zimejaa."

"Ni kitu kimoja, mama. Picha na barua zinakaa nafasi moja. Zikijaa, barua haiingii."

Rispa alihisi amedanganywa na mtu asiyemjua. Miaka yote amedhani barua zina chumba chao na picha zina chumba chao, kumbe zimerundikwa humo humo.

"Si unisomee tu hapa kwako?"

"Mimi sina barua yenyewe. Inatoka kwa mashine ya kamati huko Mwatate, mimi naona tu kwamba imerudi. Na anwani ikishaandikishwa, kuibadilisha ni mwezi mzima." Koki alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nitawaambia watume tena Jumatatu. Safisha kabla ya Jumatatu. Na msichelewe, mama, kamati inakuja kambini Jumatano ya wiki inayofuata, na ikishaondoka hairudi."

Rispa alimpigia Lorine akiwa bado kwenye ngazi za ofisi. Lorine anafanya kazi kwenye hoteli ya madereva wa malori kule Maungu, na alijibu simu huku sahani zikigongana nyuma yake.

"Lipa tu, Mama. Ni mia mbili na hamsini. Unaongezewa nafasi mara saba."

"Mara moja?"

"Kila mwezi."

"Kila mwezi mpaka lini?"

"Mpaka utakapoacha kuhitaji picha zako." Lorine alicheka, kisha sauti yake ikashuka. "Ningekulipia mimi, lakini mpaka mwisho wa mwezi sina hata ya nauli. Kama hutaki, futa zile hazina maana. Na usiogope, ukifuta kitu kwanza kinaingia kwa pipa, kinakaa huko siku sitini."

Mia mbili na hamsini Rispa alikuwa nayo, na haya ndiyo yaliyokuja kumtafuna baadaye. Ilikuwa imekunjwa ndani ya kikombe, ikingoja kununua dawa ya sukari ya Oundo. Kilichomtisha si ile pesa, ni yale maneno, kila mwezi. Alikuwa tayari analipia maji kila mwezi, stima kila mwezi, mguu wa Oundo kila mwezi. Kulipia picha zikae tu mahali, zisile wala kunywa, aliona ni kujitafutia mgonjwa mwingine.

Alikwenda kwa Wesonga. Alifikiri kwa kuwa picha ni za Umoja, Umoja ungelipa.

"Mama Lorine," Wesonga alisema, "pesa ya Umoja ni ya kusafirisha maiti. Miaka arobaini haijanunua hata biro."

"Ni mia mbili na hamsini tu, mzee."

"Kwa mwezi. Mpaka lini?"

"Mpaka tutakapoacha."

"Hiyo si kununua, hiyo ni kuoa." Aliipenda kauli yake mwenyewe, akairudia kwa mkewe aliyekuwa jikoni. "Futa. Kwani ni nini unaweka huko? Si ni picha?"

Basi Jumamosi, baada ya kufua, Rispa aliketi mlangoni mahali ambapo mtandao hushika, akaanza kufuta. Alifuta mahubiri yote aliyotumiwa na watu asiowakumbuka. Alifuta maua yenye maandishi ya kumtakia asubuhi njema, na yalikuwa mengi kiasi cha kupamba kanisa. Alifuta mbuzi wa Wanza. Kidole kilimuuma. Alipotazama kipimo, mstari mwekundu ulikuwa umesogea unywele mmoja.

Simu ikamletea ushauri, kwa adabu kama mhudumu wa benki. Ikampangia vitu vizito zaidi, vya kwanza hadi vya mwisho, ikamuuliza kama anavihitaji. Vya kwanza vilikuwa video za mazishi ya miaka ya karibuni, saa nzima nzima, watu wakiimba na upepo ukiimba kuwashinda. Alizifuta. Hazikutosha. Vilivyofuata vilikuwa vile alivyopiga Lorine uani, maana Lorine alikuwa ameweka simu ipige kwa ubora wa mwisho, na kila picha ilikuwa nzito kama gunia. Karatasi za kampuni na picha za kusindikiza.

Hapo ndipo alipofikiri kwa akili yake yote, na alifikiri vizuri. Barua za kampuni zina mihuri na sahihi. Kamati imezikataa leo, lakini Wesonga amelalamika, huenda wakalegeza, na wakilegeza watalegeza kwa jambo gani kama si karatasi zenye mihuri? Serikali hupenda mihuri. Majeneza hayana muhuri. Waliomo wameshafika kwao, kila mmoja ana kaburi lake na watu wake wa kulipalilia, na hakuna hata siku moja ambapo mtu wa Umoja alikuja kumwambia nionyeshe. Aliwafuta mmoja mmoja, akiwataja majina kimoyomoyo kwa heshima. Alipofika kwa Austin alisimama. Aliutazama msalaba, kile kiti kimoja, na yeye mwenyewe nyuma yake, mwembamba, ameshikwa na wanawake wawili. Akajiambia hahitaji kuitazama picha hii ili aione. Akaifuta.

Mstari haukusogea. Akakumbuka pipa. Vitu vilikuwa bado humo, vimekaa, vinakula nafasi ile ile. Simu ikamuuliza kama ana hakika, kwani havitarudi tena. Ilikuwa Jumamosi saa kumi, na Jumatatu ilikuwa karibu. Akalimwaga pipa, na mstari mwekundu ukageuka wa buluu, na kwa muda mfupi alijisikia mwepesi na mjanja, mwanamke aliyekwepa kulipa.

Barua iliingia Jumatatu saa nne asubuhi. Simu ililia kengele ndogo aliyokuwa ameisahau. Rispa alivaa miwani, akaisoma akiwa amesimama kando ya jiko.

Kamati ilikuwa imekubali ombi. Ilikuwa imeandika vizuri, kwa upole, kwamba inatambua zipo jamii ambazo kwa desturi husafirisha maiti zao. Kwa hiyo, badala ya kaburi, nyumba yoyote ya jamii hizo italeta picha ya mazishi ya jamaa aliyefia kambini kabla ya mwaka wa 2010, inayoonyesha namba ya nyumba, jina la marehemu na mwaka wa kifo. Nakala iliyoko kwenye simu itakubaliwa.

Aliisoma mara ya pili. Maji ya ugali yakachemka hadi yakakauka, sufuria ikaanza kunuka, na hakuisikia. Picha zile zilikuwa na kila kitu. Mlango wenye namba. Msalaba wenye jina. Mwaka. Ungedhani mtu wa kamati alikuwa ameketi akizitazama huku akiandika masharti yake. Na kama asingezifuta, barua isingeingia, na angebaki na picha bila kujua zinatakiwa. Alijaribu kulipanga jambo hilo kichwani ili aone mahali ambapo angefanya vingine, na kila mara aliishia kwenye kile kikombe chenye mia mbili na hamsini.

Lorine alikuja jioni kwa lori la mteja wake. Aliichukua simu bila hata kusalimia, akaingia hapa na pale.

"Na pipa, Mama?"

"Nililimwaga."

"Nilikuambia linakaa siku sitini."

"Uliniambia linakaa. Hukuniambia linakaa likiwa limejaa."

Lorine aliweka simu mezani taratibu, akakaa kitako sakafuni, mtu mzima mwenye watoto wawili. Hakumkemea. Rispa angependa akemewe, maana kukemewa kuna mwisho wake.

Walitafuta siku tatu. Kule nyumbani Samia picha zilikuwepo, lakini zilionyesha migomba ya Funyula na kaburi lililochimbwa, si mlango wa Kambi ya Nne. Picha za simu za watu wa kambini zilikuwa za waliokufa juzi juzi. Rispa alimkumbuka Okoth, aliyewahi kuishi nyumba namba saba kabla ya kuhamia Njukini kulima mahindi, na akampigia. Okoth alisema ana moja, ya mamake, aliomba mpiga picha amchapishie yake kwa pesa zake. Rispa alipiga magoti hapo hapo alipokuwa, angalau kamati ingeona kwamba picha za aina hiyo zilikuwepo. Picha ilipotumwa na kufunguka, ilikuwa ya mwaka wa 1996, safi kabisa, isipokuwa mkewe Okoth aliikata pande zote miaka mingi iliyopita ili iingie kwenye fremu. Palibaki jeneza na nyuso. Namba ya mlango ilikatwa. Msalaba ulibaki mkono mmoja.

Jumapili baada ya ibada aliwaambia. Walikutana kwa Wesonga, nyumba kumi na moja, na alisimama akawaambia yote bila kujitetea: barua, nafasi, vitu vizito, pipa. Alipomaliza, kuku walisikika wakiparua.

"Nani alikutuma ufute?" Wesonga aliuliza.

Rispa alimtazama. Angeweza kumjibu mbele ya watu wote, na alikuwa na haki. Lakini Wesonga naye alikuwa ameshakumbuka. Ilionekana ikimwingia usoni, polepole, na mdomo wake ukafunguka kidogo. Mkewe, aliyekuwa akigawa chai, alisimama na birika mkononi.

"Mia mbili na hamsini," Wesonga alisema, kwa sauti ya kujisemea mwenyewe. Walikunywa chai yao wakaondoka mmoja mmoja, na mama mmoja wa nyumba namba tatu alipopita alimgusa Rispa bega, jambo ambalo lilimuumiza kuliko tusi.

Kamati ilifika Jumatano saa tatu, ikajenga hema penye mizani ya zamani ya mkonge. Wanza aliwapeleka wanakamati nyuma ya nyumba yake, wakasoma majina, wakapiga picha, wakatia tiki. Haikuchukua dakika tano. Aliporudi alimvuta Rispa kando, karibu na kamba ya nguo.

"Mama Lorine, nisikize. Kale kaburi kadogo hakana jina. Kalikuwa ka mtoto wa Mutuku wetu, hakakufikisha hata wiki. Hawajakaandika. Sema ni ka Austin wako, jina na mwaka tutaandika kwa mkaa sasa hivi. Mimi nitanyamaza, na Mutuku hatasema kitu."

"Na wale wengine kumi?"

"Wale kumi sina makaburi yao," Wanza alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye hakuwa mwanamke wa kulia ovyo. "Nina hako kamoja. Chukua."

Rispa alipofika mbele ya meza alikuwa amekwishaamua kusema uongo ule. Koki alimwuliza kwa upole kama nyumba yake, namba kumi na mbili, ina picha au kaburi. Rispa alifungua mdomo. Alikuwa anaulizwa kama mtoto wake amelala hapa, nyuma ya nyumba, mahali ambapo aliomba mara mbili alazwe akanyimwa, na alichotakiwa kusema ni ndiyo. Alitamani iwe kweli kiasi kwamba alishindwa kuisema kwa uongo. Alitikisa kichwa.

"Hakuna?" Koki aliuliza.

"Hakuna."

Koki alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaandika. Mwenyekiti wa kamati akasoma kwa sauti kwamba nyumba zisizo na ushahidi zitapewa siku tisini kuhama. Nyuma ya Rispa walikuwa wamejipanga wale wengine kumi, Wesonga akiwa wa mwisho, kofia kifuani, na kila mmoja aliulizwa swali lile lile akatoa jibu lile lile.

Oundo hakwenda hemani. Sukari ilikuwa imemla vidole viwili vya mguu, na siku hizi hutoka tu hadi kwenye benchi la ukutani. Alimngoja mkewe amalize kuvua viatu.

"Wameandika nini?"

"Wameandika hakuna."

"Tuna siku ngapi?"

"Tisini."

Upande wa pili wa ua Wanza alikuwa anafagia, na makaburi yake manne yaling'aa chokaa juani. Oundo aliyatazama kwa muda. Rispa aliingia ndani akatoka na maji, akampa, naye akayashika bila kunywa.

"Mama Lorine."

"Ee."

"Mimi nikifa, msinipeleke nyumbani Funyula."

Rispa alidhani hakusikia vizuri. Huyu ndiye aliyesimamia kila gari lililotoka kambini kwa miaka thelathini, aliyemwambia kwamba mtu kulala mbali na baba yake ni laana. Alikuwa hata ameshachagua mahali pake, kati ya babake na Austin, na alikuwa amempeleka Rispa akamwonyesha.

"Mnizike hapa nyuma," Oundo aliendelea, polepole, bila kumtazama. "Muandike jina na mwaka na namba ya nyumba. Muwaite hao watu waone. Lorine na watoto wapate pa kukaa. Baba yangu ataelewa, na asipoelewa nitaongea naye mwenyewe." Alivuta pumzi. "Siwezi kukaa sana na huu mguu. Labda siku tisini zitatosha."

Rispa aliketi kando yake kwenye benchi. Hasira aliyoibeba tangu mwaka wa 2004 aliitafuta asiione mahali ilipokuwa, na badala yake alikuta huruma tupu, ambayo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilibidi amwambie.

"Baba Lorine, lazima liwe la kabla ya elfu mbili na kumi."

"Nini?"

"Kaburi. Mtu awe alikufa kabla ya elfu mbili na kumi. La sasa halihesabiki."

Mzee aliweka kile kikombe cha maji chini, karibu na mguu wake uliofungwa bandeji, akakisogeza kidogo ili asikipige teke.

"Kwa hivyo hata kufa nimechelewa," akasema, na hakuwa anafanya mzaha.